Ndugu Wawili Katika Kiangazi Kimoja

Ligi ikiisha, magazeti ya michezo hujaa habari za usajili. Fulani kaonekana uwanja wa ndege, fulani kagoma kusaini, fulani kala fedha za timu mbili. Sisi wa vijiweni tunazitafuna habari hizo toka asubuhi mpaka taa za barabarani zinapowaka. Lakini yuko mtu mmoja wa kipindi hicho hicho ambaye hapati hata kona ya ukurasa wa nyuma: yule dogo asiyejulikana aliyeitwa kufanya majaribio. Daluga zake zimo ndani ya mfuko wa plastiki, jezi aliyopewa haina jina, na ana siku tatu nne tu za kumfanya kocha aikumbuke sura yake. Akifaulu, miaka mitano baadaye tutajidai kwamba tulimjua zamani. Akishindwa, basi tena.

Wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi, na makocha wengi wanaishi kwa msemo huo. Mimi nina shaka nao, na shaka yangu inatoka kwa ndugu wawili, Kolo na Yaya Touré, waliopimwa na kocha mmoja, katika klabu moja, kiangazi kimoja cha mwaka 2003. Mmoja aling'ara. Mwingine alionekana mchezaji wa kawaida kabisa. Aliyeonekana wa kawaida ndiye aliyekuja kuwa Mwanasoka Bora wa Afrika mara nne mfululizo.

Lakini tusianzie London. Tuanzie Abidjan, mji ambao Mtanzania mwenye umri wa kutosha hawezi kuutaja bila kuguna. Mwaka 1993 Simba walifika fainali ya Kombe la CAF, wakaenda huko na kuwabana Stella kwa sare ya 0-0. Nchi nzima ikaamini kombe limekwishaletwa. Katika marudiano, hapa hapa Dar es Salaam, Stella wakashinda 2-0 wakaondoka nalo. Majirani wa hao Stella ni ASEC Mimosas, na katika miaka ile ile ya mwanzo ya 1990 ASEC walikuwa wanaanzisha jambo ambalo lingetikisa soka la bara zima: chuo cha mpira cha watoto.

Aliyekiongoza ni Mfaransa, Jean-Marc Guillou, kiungo wa zamani wa timu ya taifa ya Ufaransa aliyecheza Kombe la Dunia la 1978. Katika uwanja wa mazoezi wa klabu uitwao Sol Béni, watoto walikaa, walisoma darasani, na walicheza. Walicheza peku. Ndiyo, peku kama sisi mchangani, ila wao kwa makusudi: Guillou aliamini mguu mtupu humfundisha mtoto kuujua mpira kwa ngozi yake mwenyewe. Viatu havikuwa haki, vilikuwa tuzo. Mtoto alivipata baada ya kufaulu mitihani ya danadana. Hebu fikiri, mtaani kwetu mtu anakosa viatu kwa sababu baba hana hela, na kule wanavuliwa viatu ili wawe mafundi!

Desemba 1998 ASEC walitwaa Klabu Bingwa Afrika kwa kuwafunga Dynamos wa Zimbabwe. Kisha wakubwa wakaondoka. Hiki ndicho kipindi ninachokipenda kuliko vyote katika historia hii, maana msimu umekwisha, mabingwa wametawanyika, na Februari 1999 timu ina mechi ya Super Cup ya Afrika dhidi ya Espérance ya Tunisia, watu wazima waliokomaa. ASEC wakapeleka watoto wa chuo. Wengine walikuwa na miaka 17. Wakashinda 3-1 katika muda wa nyongeza. Kizazi hicho ndicho cha Kolo Touré, Didier Zokora na Aruna Dindane, majina ambayo wakati ule hayakuwa na maana yoyote nje ya Abidjan.

Kolo alizaliwa Machi 1981, Yaya akamfuata Mei 1983. Wamekulia Bouaké na Abidjan katika familia yenye watoto wengi. Wote wawili wakapita mikononi mwa Guillou. Na hapa pana siri ndogo inayoeleza mengi: mwanzoni mwa miaka ya 1980, Guillou alipokuwa kocha wa Cannes kule Ufaransa, msaidizi wake alikuwa kijana mmoja mrefu mwembamba aitwaye Arsène Wenger. Mwaka 1996 Wenger alikwenda Arsenal. Kwa hiyo kipaji kilisafiri kwa njia ya urafiki. Tusidanganyane kwamba mlango ulikuwa wazi kwa kila mtu. Abidjan ilijaa vijana wenye chenga ambao hawakuwa na mwalimu mwenye rafiki London.

Kolo alikwenda kujaribiwa mwanzoni mwa 2002, katikati ya msimu. Kisa chake amekisimulia Ray Parlour, kiungo wa Arsenal wa wakati ule, na kimekuwa kama hadithi ya sungura na fisi kwa jinsi kinavyorudiwa. Zoezi linaanza, dogo wa Abidjan anamvamia Thierry Henry na kumkwatua kwa nyuma. Anaonywa atulie. Dakika si nyingi anamlaza Dennis Bergkamp. Wenger anapiga kelele. Halafu mpira unamwendea Wenger mwenyewe, pembeni alipokuwa amesimama, na Kolo, ambaye mguu wake haukuwa na habari ya vyeo, anaufuata mpira na kumzoa kocha pamoja nao. Wenger akapelekwa kuwekewa barafu. Wachezaji wakadhani dogo ndiyo kaaga. Huko chumba cha matibabu Wenger akasema atamsajili, kwa sababu ameipenda ile hamu yake.

Hata kama Parlour kaongeza chumvi kidogo (na mchezaji mstaafu asiyeongeza chumvi sijamwona), usajili wenyewe hauna chumvi: Februari 2002, paundi 150,000. Kwa bei za soka la Uingereza hiyo ni hela ya maji.

Sasa njoo kiangazi cha 2003. Arsenal walikuwa wametoka kupokonywa ubingwa na Manchester United katika wiki za mwisho, na lawama zote zilitupiwa mabeki. Tony Adams alikwishastaafu, Martin Keown alikuwa anatimiza miaka 37. Pale Chelsea tajiri wa Kirusi, Roman Abramovich, kainunua timu na kumwaga zaidi ya paundi milioni 100 katika dirisha moja. Arsenal walikuwa wanabana matumizi, wakijipanga kujenga uwanja mpya. Wakamnunua kipa, Jens Lehmann, na beki wa kati mpya wa bei mbaya hakuja.

Badala yake Wenger alitazama alichonacho uani. Kolo msimu mzima alikuwa kiraka: leo kiungo, kesho beki wa kulia, keshokutwa benchi. Katika mechi za kirafiki za maandalizi Wenger akamweka beki wa kati, ubavuni mwa Sol Campbell. Ikakubali. Kwa mwendo ule wa Kolo, kosa likifanyika alikuwa na uwezo wa kulikimbilia na kulifuta. Ligi ilipoanza Agosti hakurudi tena benchi, na msimu wa 2003/04 Arsenal wakamaliza mechi 38 bila kufungwa hata moja, ushindi 26 na sare 12. Mwandishi yeyote anayesimulia timu ile huanza na Henry. Mimi ningeanza na yale mazoezi ya Julai, kocha asiye na hela anaposema, haya, wewe simama hapa leo.

Kiangazi hicho hicho mdogo mtu naye akaja.

Yaya alikuwa na miaka 20. Tangu 2001 alikuwa Beveren, klabu ya mji mdogo wa Ubelgiji ambayo Guillou aliishika na kuijaza wanafunzi wake. Sheria za Ubelgiji hazikuweka kikomo cha wachezaji kutoka nje ya Ulaya, kwa hiyo ilikuwa kawaida Beveren kuingia uwanjani ikiwa karibu timu nzima ya vijana wa Ivory Coast. Arsenal walikuwa na uhusiano na klabu hiyo, na kila aliyekuwa pale alijua kwamba njia inaelekea London.

Wakampanga katika mechi ya kirafiki dhidi ya Barnet. Uwanja wa Barnet, Underhill, ulisifika kwa kituko kimoja: ulikuwa na mteremko. Kipindi kimoja unapanda, kingine unashuka. Hapo ndipo alipopimwa mtu ambaye baadaye angetawala viungo vya Barcelona na Manchester City. Na hawakumpanga kiungo. Alicheza mbele, kama mshambuliaji wa pili. Jitu lile lenye hatua ndefu, linalohitaji mita thelathini za kuchanja mbuga, limesimamishwa mgongo kwa goli likisubiri mipira ya juu! Wenger mwenyewe amesema miaka ya baadaye kwamba siku ile Yaya alikuwa wa kawaida kabisa.

Vijiweni kisa kinaishia hapo, kwa kicheko: Wenger alimkataa Yaya Touré. Watani wa Arsenal wanakipenda sana. Lakini sivyo ilivyokuwa, na ndiyo sababu ya kuandika makala haya. Wenger hakumfukuza. Alitaka kumchukua pamoja na ukawaida wake wa siku ile. Kilichokwamisha ni karatasi. Kwa kanuni za Uingereza za wakati ule, mchezaji wa nje ya Ulaya alipata kibali cha kazi iwapo amecheza asilimia 75 ya mechi za mashindano za timu yake ya taifa katika miaka miwili iliyopita. Kolo alikuwa anaitwa timu ya taifa tangu 2000. Yaya alikuwa hajacheza hata mechi moja. Ya kwanza aliipata 2004. Njia iliyobaki ilikuwa kusubiri pasipoti ya Ubelgiji. Subiri, kijana. Subiri mpaka lini? Hakuna aliyekuwa na tarehe.

Yaya hakusubiri. Aliondoka Beveren akaenda Donetsk, Ukraini, katika timu ya Metalurh.

Mtu anaweza kusema alikosa subira, na Wenger kwa upole amewahi kusema hivyo. Mimi simlaumu. Sisi tunaopeleka miswada kwa wahariri tunajua kusubiri jibu kunavyofanana na kuambiwa hapana. Na Yaya alikuwa na miaka 20, kaka yake anacheza kila wiki katika timu isiyofungika, yeye anahesabu siku Ubelgiji. Ungekaa?

Njia yake ikawa ndefu kuliko ya kaka. Kutoka Donetsk akaenda Olympiacos ya Ugiriki 2005, Monaco 2006, Barcelona 2007. Mei 2009, Roma, fainali ya Klabu Bingwa Ulaya, Barcelona walikuwa na upungufu wa mabeki. Wakamtoa kiungo wakamweka beki wa kati, kazi ya kaka yake, na Manchester United wakatoka bila bao, 2-0. Mwaka 2010 akahamia Manchester City, ambako Kolo alikuwa ametangulia mwaka mmoja. Mwaka 2011 bao lake pekee lilimfunga Stoke katika fainali ya Kombe la FA. Mwaka 2012 ndugu hao wakatwaa ubingwa wa ligi pamoja. Msimu wa 2013/14 Yaya alifunga mabao 20 ya ligi, kiungo huyo, na wengi wake wakikimbia nyuma yake kama watoto wanaokimbiza lori la mchanga. Tuzo ya Afrika aliichukua 2011, 2012, 2013 na 2014.

Hapo ndipo msemo wa nyota njema unaponitatiza. Asubuhi ya Yaya ilikuwa Underhill, na aliyekuwa anaitazama si mbumbumbu, ni mtu aliyemvumbua kaka yake. Ni rahisi kusema kocha hakuona. Alichokiona ndicho kilichokuwepo: dakika tisini za kijana aliyepangwa pasipo pake. Majaribio hupima siku, na siku hiyo ikiandikwa katika daftari la msaidizi wa kocha haifutiki kirahisi. Kolo alikuwa na bahati kwamba kipaji chake kilikuwa cha aina inayoonekana upesi. Ukali wa beki huonekana katika rafu ya kwanza. Akili ya kiungo inahitaji wiki, wenzake waizoee. Nawaza ni vijana wangapi wenye kipaji cha aina ya pili wamerudishwa makwao na nauli mkononi, pale Abidjan na hapa kwetu.

Waliobaki katika kundi lile walifika mbali. Emmanuel Eboué alitoka Beveren kwenda Arsenal Januari 2005. Kipa Boubacar Barry, naye wa chuo cha ASEC na Beveren, alicheza fainali ya Mataifa ya Afrika mjini Bata, Februari 2015, kwa sababu tu kipa wa kwanza aliumia. Akaokoa penalti ya kipa wa Ghana na kupiga mwenyewe ile ya ushindi, 9-8. Kolo na Yaya walikuwa uwanjani siku hiyo.

Dar es Salaam ilimwona Yaya kwa macho yake Juni 2013, mchujo wa Kombe la Dunia. Amri Kiemba alitangulia kufunga katika dakika ya kwanza na uwanja wa taifa ukalipuka. Furaha haikudumu. Yaya alifunga mawili, Ivory Coast wakashinda 4-2. Mwaka huo huo Barnet waliuhama uwanja wao wa Underhill. Baadaye ukabomolewa, mteremko na yote, na mahali pake pamejengwa shule.