Madaftari Mawili ya Muuguzi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo laonekana kuwa la wafanyabiashara, watu wa jora na mizani. Walakini sidhani kama iko kazi ambayo neno hilo limethibitika kwa uchungu zaidi kuliko kazi ya kuuguza wagonjwa. Mwenye duka asipoandika, hupata hasara ya fedha. Muuguzi asipoandika, mgonjwa aweza kunyweshwa dawa mara mbili, au asinyweshwe kabisa, na asubuhi hapana mtu awezaye kueleza lililotokea usiku.

Muuguzi wa leo anaishi kati ya madaftari mawili. La kwanza lina jina lake mwenyewe: ni daftari la serikali, ambamo wameandikwa wote walioruhusiwa kufanya kazi hiyo, na leseni yake yatoka humo. La pili lina jina la mgonjwa: ni faili lile liwekwalo wodini, lenye joto la mwili, mapigo ya moyo, dawa alizopewa na saa alizopewa. Madaftari haya hayakuzaliwa siku moja, wala hayakuzaliwa na mama mmoja. Tena waliolipenda la pili hawakulipenda wote la kwanza, kama tutakavyoona.

Tuanze na la mgonjwa. Mwaka 1854 majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalikuwa yakipigana na Warusi katika rasi ya Krimea, na askari wa Kiingereza walioumia au kuugua walivushwa bahari hata Scutari, ng'ambo ya mji wa Istanbul. Huko ndiko alikofika Florence Nightingale tarehe 4 Novemba 1854, pamoja na wauguzi 38. Habari za taa yake zinajulikana na kila mtoto wa shule, nasi hatuna haja ya kuzirudia. Watu husahau kwamba mwanamke huyu, pamoja na taa, alikuwa na kalamu, na kwamba kalamu ndiyo iliyofanya kazi kubwa zaidi.

Alipotaka kujua ni askari wangapi waliokwisha kufa katika hospitali ile, alikuta orodha tatu. Moja ilikuwa ya maziko, ya pili ya madaktari, ya tatu ya ofisi ya jeshi. Wala hapana hata mbili zilizopatana. Watu kwa mamia walikuwa wamezikwa ambao katika orodha ya madaktari hawakuonekana kamwe. Hebu fikiri, msomaji: mtu ameacha mama yake Uingereza, amekufa katika nchi ya ugeni, na karatasi ya hospitali haijui kwamba amekufa! Jambo hili lilimchoma Nightingale kuliko uchafu aliouona kwa macho, kwa sababu uchafu waweza kufagiliwa, lakini kifo kisichoandikwa hakiwezi kumfundisha mtu lolote.

Kwa hesabu yake, mwezi wa Februari 1855, katika kila wagonjwa mia waliolazwa Scutari, 42 hivi walikufa. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, kipindupindu na homa, maana jengo lile kubwa lilikuwa limesimama juu ya mifereji ya uchafu iliyoziba. Mwezi wa Machi wakaja wajumbe wa afya waliotumwa na serikali, wakazibua mifereji na kusafisha maji. Kufikia mwezi wa Juni vifo vilikuwa vimeshuka hata wawili hivi katika mia. Nightingale aliporudi kwao mwaka 1856 akaketi na mtaalamu wa hesabu, William Farr, wakazipanga takwimu zile katika michoro ambayo hata waziri asiyependa kusoma aliweza kuielewa. Mwaka 1858 Chama cha Takwimu cha London kilimpokea kuwa mwanachama wake wa kwanza mwanamke. Miaka miwili baadaye alipendekeza kwamba hospitali zote zitumie fomu za namna moja, ili hesabu ya hospitali hii iweze kulinganishwa na ya ile.

Katika kitabu chake juu ya uuguzi, cha mwaka 1859, aliweka sura nzima juu ya kumwangalia mgonjwa. Aliwakemea sana watu wanaouliza na kujibu kwa jumla-jumla. Ukisema mgonjwa "hajambo kidogo", umesema nini? Hajambo kuliko lini? Amekula kiasi gani? Amelala saa ngapi, na usingizi wake ulikatika mara ngapi? Maswali haya ndiyo mzizi wa daftari la pili, na mwalimu yeyote wa uuguzi wa siku hizi angali akiwauliza wanafunzi wake maswali yale yale.

Sasa tuje kwenye daftari la kwanza, na hapa historia inatuchezea mchezo. Mtu angedhani kwamba Nightingale, mpenzi wa orodha, angefurahi majina ya wauguzi yaandikwe katika kitabu cha serikali. La, hasha! Alipinga kwa nguvu zake zote. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Alisema kwamba mtihani hauwezi kupima tabia ya mtu, na kwamba muuguzi aliye mwema mwaka huu aweza kuwa mvivu baada ya miaka kumi, ilhali jina lake lingali likimeremeta kitabuni.

Aliyesimama upande wa pili alikuwa Ethel Gordon Fenwick, aliyekuwa mkuu wa wauguzi katika hospitali ya St Bartholomew's, London, akiwa na umri wa miaka 24 tu. Mwaka 1887 alianzisha Chama cha Wauguzi wa Uingereza. Yeye aliona hatari nyingine: kwamba mwanamke yeyote aliyeweza kununua aproni nyeupe aliweza kujiita muuguzi na kuingia nyumbani mwa mgonjwa, wala mgonjwa hakuwa na njia ya kumtambua. Ugomvi ule ulidumu zaidi ya miaka thelathini. Wakati Waingereza wanabishana, wengine walitangulia. Koloni la Rasi, huko Afrika ya Kusini, lilianza kuandikisha wauguzi kwa sheria ya mwaka 1891. New Zealand ilitunga sheria ya wauguzi peke yao mwaka 1901, na Ellen Dougherty akaandikwa wa kwanza tarehe 10 Januari 1902. Uingereza yenyewe ilingoja hata Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918 vikaisha, ndipo sheria ikapita Desemba 1919. Daftari likafunguliwa 1921, na jina la kwanza ndani yake likawa la Bibi Fenwick mwenyewe. Nightingale hakuishi kuliona, alikufa 1910.

Kwa maoni yangu wote wawili walikuwa na haki, na sheria zilizotungwa baadaye zilijaribu kuwaridhisha wote wawili. Maana daftari la serikali halikuwa la kuandika majina tu. Lilikuwa pia la kuyafuta. Baraza lililopewa kalamu lilipewa na kifutio. Muuguzi akishitakiwa kwamba amefanya uzembe, huitwa mbele ya wenzake, akajibu. Hapa Kenya, sheria iliyopitishwa mwaka 1983 ilikabidhi kazi hiyo kwa Baraza la Wauguzi la Kenya. Hivyo leseni si hati ya kutundika ukutani na kusahau, bali ni amana, na amana huweza kudaiwa.

Lakini ikidaiwa, muuguzi atajibu kwa nini? Atasema, "Nilimwangalia mgonjwa yule usiku kucha." Nani alimwona? Mgonjwa pengine alikuwa amezimia, au amekwisha kufa. Wenzake walikuwa katika wodi nyingine. Tena mashitaka huenda yakaja baada ya miaka miwili au mitatu, wakati yeye mwenyewe hakumbuki kitanda cha tano alilala nani. Hapo ndipo madaftari mawili yanapokutana.

Kisa kinachofundishwa mara nyingi katika jambo hili kilitokea Marekani, katika mji mdogo wa Charleston, jimbo la Illinois. Tarehe 5 Novemba 1960 kijana wa miaka 18, mwanafunzi wa chuo, alivunjika mguu katika mchezo wa mpira wa Kimarekani. Alipelekwa hospitali ya mji ule, na daktari wa zamu akaunyosha mguu na kuutia plasta. Haukupita muda mrefu kijana akaanza kulia kwa maumivu makali. Vidole vyake, vilivyochungulia nje ya plasta, vikavimba, vikawa vyeusi, mwishowe vikawa baridi wala havisikii kitu. Jioni ya tarehe 6 daktari alikata plasta kidogo kando ya vidole. Kesho yake akakata inchi tatu hivi kutoka wayoni. Tarehe 8 akaipasua pande zote mbili kwa msumeno, na msumeno ukamkata kijana mguuni. Uvundo ulijaa chumbani, hata shahidi mmoja akasema kwamba hajapata kunusa uvundo kama ule tangu Vita Vikuu vya Pili. Tarehe 19 kijana akahamishiwa hospitali kubwa ya St Louis. Mabingwa wa huko walimpasua mara kadhaa wakijaribu kuuokoa mguu, wasiweze. Ukakatwa chini ya goti.

Kesi ilifika Mahakama Kuu kabisa ya Illinois, ikaamuliwa mwaka 1965. Mahakama ilithibitisha kwamba hospitali ilipe dola 110,000. Maneno yake juu ya wauguzi ndiyo yaliyoipa kesi hii umaarufu. Ilisema kwamba wazee wa baraza walikuwa na sababu ya kuamini kwamba wauguzi hawakupima mzunguko wa damu katika mguu ule mara nyingi kama ilivyopasa; kwamba wauguzi hodari wangalizitambua dalili zile upesi, nao wangalijua kwamba baada ya saa chache mguu hautaponyeka tena. Kisha ikaongeza neno zito: ilikuwa wajibu wao kumwarifu daktari, na ikiwa daktari hakutenda, kuwaarifu wakubwa wa hospitali.

Tazama jinsi neno hilo lilivyogeuza mambo. Kwa miaka mingi muuguzi alifikiriwa kuwa mkono wa daktari tu, na mkono haushitakiwi. Sasa aliambiwa kwamba ana macho yake mwenyewe, na kwamba atadaiwa alichokiona. Wala haitoshi kuandika "vidole vimekuwa vyeusi" na kwenda kunywa chai. Hapana budi iandikwe pia saa ngapi daktari aliitwa, alijibu nini, na alipokosa kuja, ni nani mwingine aliyeambiwa. Daftari linaloonyesha kwamba muuguzi aliona na akanyamaza halimlindi, linamshitaki.

Kwa sababu hiyo desturi za kuandika zimekuwa kali, na mwanafunzi anayetamani kazi hii afaa azijue mapema. Huandikwa lililoonekana, si lililodhaniwa: si "mgonjwa amelewa", bali kwamba maneno yake yanakokoteka na pumzi yake inanuka pombe, maana wengi walioitwa walevi walikuwa na ugonjwa wa sukari, au wameumia kichwani. Dawa haiandikwi kabla ya kutolewa, hata kama mkono umekwisha kuishika, kwa kuwa mgonjwa aweza kuikataa. Kosa halifutwi kwa wino mweusi. Hupigwa mstari mmoja ili lisomeke, na mwandishi akatia sahihi yake kando. Jambo lililosahauliwa laweza kuongezwa baadaye, ila sharti lielezwe kuwa limeongezwa baadaye. Mtu anayepachika maneno kisirisiri ili aonekane mwema hujiharibia zaidi kuliko yule aliyeacha nafasi tupu, kwa sababu hakimu akigundua neno moja la uongo, hataamini hata yale ya kweli.

Wako wasemao kwamba haya ni mafundisho ya hospitali tajiri. Muuguzi mmoja akiachiwa wodi nzima usiku, ataandika saa ngapi na atauguza saa ngapi? Malalamiko hayo yana ukweli mwingi, na wakubwa wanaopanga zamu wayasikie. Hata hivyo, maneno manne yenye saa na sahihi hayachukui dakika moja, na mara nyingi ndiyo pekee yatakayobaki kusema kwa niaba ya mtu yule aliyechoka.

Nataka nitaje kisa kimoja zaidi, cha Uholanzi, maana kinaonyesha upande mwingine wa jambo hili. Katika mji wa The Hague alikuwako muuguzi wa watoto jina lake Lucia de Berk. Mwezi wa Septemba 2001 mtoto mchanga alikufa hospitalini, na wenzake wakaanza kunong'ona kwamba vifo vilikuwa vingi mno katika zamu za Lucia. Yakachimbuliwa mafaili ya zamani. Vifo ambavyo madaktari walikuwa wameviandika kuwa vya kawaida vikaitwa sasa vya kutiliwa shaka, na mahakama ikaambiwa kwamba uwezekano wa mambo hayo kutukia kwa nasibu tu ni mmoja katika milioni 342. Mwaka 2003 akahukumiwa kifungo cha maisha.

Wataalamu wengine wa hesabu walipoitazama hesabu ile waliona kwamba haikusimama. Nao waliorudi kwenye habari za ugonjwa wa watoto wale, zilizoandikwa kabla mtu yeyote hajawa na shaka na mtu yeyote, walikuta kwamba kifo cha mtoto aliyeanzisha kesi kiliweza kabisa kuwa kifo cha ugonjwa. Kesi ikafunguliwa upya, na tarehe 14 Aprili 2010 Lucia de Berk akatangazwa kuwa hana hatia. Alikuwa amekaa kifungoni zaidi ya miaka sita, na huko gerezani alipatwa na kiharusi.