SARAFU ZILIZOLALA SHAMBANI

Somo la Historia kwa Redio

Maneno ya kuandikwa ubaoni kabla ya somo: sarafu, hazina, plau, shahidi, makumbusho.

Aliye na sarafu mfukoni na aitoe, aishike mkononi. Sasa isomeni. Mtaona jina la nchi, thamani yake, na mwaka. Pengine mtaona na sura ya kiongozi, mnyama au ngao ya taifa. Basi sarafu ni kama barua fupi itokayo kwa serikali, na kila mtu hutembea nayo mfukoni.

Lakini kuna jambo ambalo barua hiyo haisemi. Mkiiokota sarafu njiani, itawaambia ni nani aliyeitoa na ilitolewa lini. Haitawaambia ni nani aliyeiangusha, wala alikuwa akienda wapi, wala kama alikuwa akikimbia vita au akienda sokoni. Habari hizo ziko mahali ilipolala. Hili ndilo jambo la kushika leo: sarafu ni shahidi mmoja, na udongo ni shahidi wa pili. Ukimwondoa shahidi wa pili bila kumsikiliza, hutaweza kumrudisha tena.

Tuangalie jambo hili katika nchi ya Uingereza. Huko wapo watu wengi ambao siku za mapumziko huenda mashambani pamoja na rafiki zao kutafuta sarafu za kale. Hawaendi na majembe tu. Huchukua mashine ya kutambua madini. Ni fimbo ndefu yenye sahani ya duara chini yake. Ndani ya sahani hiyo mna waya ulioviringishwa, na umeme hupita katika waya huo. Umeme ukipita, huwa na nguvu kama ile ya sumaku, nayo huingia ardhini kidogo. Ikikuta kipande cha chuma, shaba, fedha au dhahabu, kipande hicho nacho hutoa nguvu yake ndogo, na mashine huitambua na kulia. Mtu husimama, hupiga magoti, huchimba polepole. Mara nyingi hupata msumari au kifuniko cha chupa. Mara chache hupata sarafu.

Mashine ya namna hii si mpya. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell, ambaye ni maarufu kwa simu, alijaribu kutafuta kwa mashine yake risasi iliyokuwa mwilini mwa Rais Garfield wa Marekani. Hakufanikiwa. Katika Vita Kuu ya Pili, afisa wa Poland aitwaye Józef Kosacki alitengeneza mashine ya kutafutia mabomu yaliyofukiwa ardhini, nayo ilitumiwa katika mapigano ya El Alamein, Misri, mwaka 1942. Baada ya vita, mashine kama hizo zikawa za watu wote.

Kwa nini watafute katika mashamba? Kwa sababu plau hugeuza udongo kila mwaka na kuleta juu vitu vilivyokuwa chini. Na kwa nini fedha ilifukiwa? Zamani hapakuwa na benki. Mtu akiogopa adui, aliweka akiba yake katika chungu au mfuko, akaifukia, akatia alama moyoni, akakimbia. Wahenga walisema kuwa akiba haiozi. Ni kweli, fedha haikuoza. Mwenye fedha ndiye ambaye hakurudi.

Sasa turudi nyuma zaidi ya miaka 1,100. Wakati ule nchi tuiitayo Uingereza haikuwa na mfalme mmoja. Upande wa kusini ulikuwako ufalme wa Wessex, na mfalme wake tangu mwaka 871 alikuwa Alfred. Katikati ya nchi ulikuwako ufalme wa Mercia, na tangu mwaka 874 mfalme wake alikuwa Ceolwulf. Waviking, watu wa pande za Denmark na Norway, walikuja kwa merikebu, wakapigana, wakateka nchi. Mwaka 878 Alfred aliwashinda mahali paitwapo Edington.

Habari za vita hivyo ziliandikwa katika kitabu cha matukio kilichoanzishwa katika ufalme wa Alfred. Kitabu hicho humsifu Alfred. Ceolwulf hakusifiwa. Waandishi walimdharau, wakasema alikuwa mtu mpumbavu tu, aliyepewa ufalme na Waviking ili awatumikie. Kwa muda wa karne nyingi watu walisoma hivyo wakaamini hivyo. Ceolwulf hakuacha kitabu cha kujitetea.

Ikawa mwaka 2015 mashamba mawili yalitoa ushahidi juu ya habari hiyo. Sikilizeni vizuri yaliyotendeka katika kila shamba.

Shamba la kwanza liko karibu na mji mdogo wa Watlington, katika jimbo la Oxfordshire. Mwezi wa Oktoba mzee mmoja mstaafu alikuwa akitafuta hapo kwa mashine yake. Alikuta mche wa fedha, kisha sarafu nyingi pamoja. Hakuchimbua zote. Alimwita afisa anayeshughulikia vitu vya kale katika jimbo lile. Wataalamu wakaja, wakakata bonge zima la udongo pamoja na hazina iliyokuwa ndani yake, wakalipeleka British Museum, yaani makumbusho makuu ya London. Huko walilipiga picha za eksirei kwanza, ndipo wakaondoa udongo kidogo kidogo.

Walipata sarafu kama 200, vipande 7 vya mapambo, na miche 15 ya fedha. Kati ya sarafu hizo zilikuwamo zenye jina la Alfred na zenye jina la Ceolwulf. Baadhi zilikuwa na picha moja: watawala wawili wameketi bega kwa bega. Kabla ya hapo sarafu za picha hiyo zilizojulikana zilikuwa chache mno, hata wengine walidhani ni jambo la mara moja tu. Sasa ilionekana kwamba wafalme hawa wawili walikuwa wakitoa sarafu za namna moja, tena kwa muda wa miaka kadhaa. Watu hawafanyi hivyo ila wameafikiana. Ceolwulf hakuwa mtumishi mpumbavu tu. Alikuwa mwenzi wa Alfred. Baadaye ufalme wake ulipoingia mikononi mwa Alfred, waandishi hawakuwa na haja ya kumkumbuka kwa heshima.

Na kwa kuwa vitu vyote vilikutwa pamoja, wataalamu waliweza kusema zaidi. Sarafu zilionyesha kwamba hazina ilifukiwa karibu na mwisho wa miaka ya 870, yaani baada ya Edington. Miche na vipande vya fedha vilionyesha kwamba mwenye mali huenda alikuwa mmoja wa Waviking, maana wao walizoea kupima fedha kwa mizani. Mwaka 2017 makumbusho ya Ashmolean ya mji wa Oxford yaliinunua hazina hiyo kwa paundi milioni 1 na laki 3 na nusu, na watu wote wanaweza kwenda kuitazama.

Shamba la pili liko karibu na mji wa Leominster, katika jimbo la Herefordshire. Mwezi wa Juni mwaka ule ule, rafiki wawili walikuwa wakitafuta pamoja kwa mashine zao. Walipata pete ya dhahabu, bangili ya dhahabu, jiwe la mviringo linalong'aa kama kioo lililofungwa kwa dhahabu, mche wa fedha, na sarafu nyingi. Hawakumwambia mwenye shamba. Walificha, wakaanza kuuza kwa siri.

Siri ya watu wawili haikukaa. Polisi walipochunguza simu ya mmoja wao walikuta picha alizozifuta, na picha hizo zilionyesha hazina ikiwa bado nzima. Ilikadiriwa kwamba sarafu zilikuwa kama 300. Lakini wakati wa kesi, zilizokuwa zimepatikana ni kama 30 tu. Mwaka 2019 mahakama iliwahukumu kifungo cha miaka mingi. Sarafu zile nazo zilikuwa za wakati wa Alfred na Ceolwulf, zikiwamo za watawala wawili walioketi pamoja.

Nani aliyeibiwa hapa? Mwenye shamba aliibiwa, maana alikuwa na fungu lake. Lakini aliyeibiwa zaidi ni kila mtu apendaye kujua kweli. Hata polisi wakikamata sarafu nyingine, watarudisha fedha tu. Mpangilio wake udongoni hautarudi. Waswahili husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Udongo ndio uliokuwa daftari, nao walilichana.

Tena hawakuwa na haja ya kuiba. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1996, iliyoanza kutumika mwaka 1997, inasema hivi kwa ufupi: mtu akipata sarafu mbili au zaidi za dhahabu au fedha zenye umri wa miaka zaidi ya 300, zilizofukiwa pamoja, lazima atoe taarifa kwa serikali katika siku 14. Makumbusho yakiitaka hazina, watu maalumu hukadiria bei yake. Kwa desturi mwenye kuokota na mwenye shamba hugawana fedha hiyo nusu kwa nusu. Kwa hiyo rafiki wale wangaliweza kuwa matajiri kwa haki.

Pengine mtauliza: haya yatuhusu nini sisi? Yatuhusu. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, zilipatikana sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000. Zilikuwa na majina ya watawala wa pwani yetu, likiwamo jina la Ali bin Hasan, ambalo limo pia katika habari za kale za masultani wa Kilwa. Lakini sarafu za watawala hao hazina mwaka. Tungejuaje umri wake? Pamoja nazo zilikuwamo dinari chache za dhahabu za utawala wa Fatimiya, na dinari huandikwa mwaka. Kwa dinari hizo wataalamu walijua kwamba hazina ile ni ya karne ya 11. Sasa fikirini: mtu angetangulia kuokota zile dinari chache na kuziuza kwa sonara, zile fedha 2,000 zingebaki bila umri, na historia yetu ingebaki na pengo.

Tanzania Bara ina sheria ya vitu vya kale ya mwaka 1964, Kenya ina sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, na Zanzibar nayo ina sheria zake. Kwa hiyo jembe lako likigonga sarafu ya kale, fanya mambo manne. Acha kuchimba. Usiisugue wala kuiosha. Tia alama mahali hapo na uandike tarehe, kwa kuwa sasa unajua kuandika. Kisha kawaarifu viongozi au makumbusho yaliyo karibu.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Sarafu peke yake hutuambia nini, na udongo hutuambia nini?
2. Kwa nini watu walimdharau Ceolwulf kwa karne nyingi, na ni kitu gani kilichobadili habari yake?
3. Dinari za dhahabu za Mtambwe Mkuu zilisaidia vipi kujua umri wa sarafu za fedha?
4. Wewe na rafiki yako mkiokota hazina, naye akasema, "Tunyamaze," utamjibu nini?

Andikeni jibu la swali la nne kwa sentensi tatu, kisha msomeane. Kwaherini mpaka somo lijalo.