Mstari wa Juu: Historia ya Herufi za Urembo Katika Mbao na Mialiko Yetu

Kwenye mbao za mahekalu, kadi za harusi na majalada ya matoleo ya kumbukumbu, aghalabu jina huandikwa kwa herufi kubwa za urembo. Ni herufi za Kirumi, zile zile tunazoandikia Kiswahili, ila zimening'inizwa kwenye mstari wa juu mithili ya nguo zilizoanikwa kambani. Jirani azionapo husema kuwa hicho ni Kihindi. Ukweli ni kwamba sicho, na historia ya tofauti hiyo inatuhusu sote, waumini na majirani.

Umbo hilo limeigwa kutoka hati ya Devanagari, ambayo huandikiwa Kisanskriti, Kihindi na Kimarathi. Katika hati hiyo mstari huitwa shirorekha, maana yake mstari wa kichwani, nao huziunganisha herufi za neno moja. Wabunifu wa herufi za kompyuta waliuchukua mstari huo, pamoja na unene na wembamba utokanao na kalamu ya mwanzi iliyokatwa mshazari, wakauvika juu ya herufi za Kirumi. Mfano mashuhuri ni herufi ziitwazo Samarkan, zilizotolewa mwaka 1993. Kompyuta ilipoingia katika vyumba vya wapiga chapa, urembo huo ulienea duniani kote, tangu mabango ya migahawa hadi majalada ya kanda za muziki.

Hapa ndipo penye jambo la kutafakari. Familia nyingi za Kihindu zilizohamia Afrika Mashariki zilitoka Gujarat na Kutch, na hati ya Kigujarati haina mstari wa juu. Kwa karne nyingi vitabu vya dini na fasihi katika nchi hiyo viliandikwa kwa Devanagari. Hati iliyokosa mstari ilikuwa ya barua na hesabu. Mfanyabiashara aliyeandika mamia ya majina na tarakimu kwa siku hakuwa na wasaa wa kuchora mstari juu ya kila neno, basi akauacha. Hati hiyo iliitwa vaniasai, yaani ya wafanyabiashara, na pia sarafi, yaani ya wabadilisha fedha. Msomaji wa Kiswahili atayatambua majina hayo: la kwanza ni ndugu wa neno Baniani, na la pili ni ndugu wa neno sarafu.

Hati ya daftari ilipata heshima ya kuchapwa mjini Bombay. Tangazo la Kigujarati lilichapwa katika gazeti la Bombay Courier mwaka 1797. Mwaka 1812 Fardunji Marzban alianzisha kiwanda chake cha uchapaji, na mwaka 1822 akaanzisha gazeti la Mumbai Samachar, ambalo lingali likichapishwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 Zanzibar nayo ilikuwa na gazeti lake, Samachar, lililochapishwa kwa Kigujarati na Kiingereza.

Eneo letu halikuwa mbali na safari hizo. Kabla ya utawala wa kikoloni, wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa na kituo Kafuro, katika ufalme wa Karagwe, ambao ulikuwa wa Mukama Rumanyika wakati Mwingereza Speke alipofika mwaka 1861. Miongoni mwa waliofanya biashara hadi huko alikuwa Musa Mzuri, Mwislamu wa Khoja kutoka Surat. Nyakati za Wajerumani na Waingereza maduka ya Wahindi yalienea kutoka Bukoba kwenda bara. Mwenyeji aliyekopa chumvi au kitambaa aliliona jina lake likiandikwa katika hati asiyoweza kuisoma, akalazimika kuiamini kalamu ya mwenye duka. Panapo haki, hati hiyo ilikuwa kifungo cha ujirani. Pasipo haki, ilikuwa chanzo cha manung'uniko. Kwa hiyo herufi zisizo na mstari ni sehemu ya historia ya pande zote mbili za kaunta.

Wala daftari halikukosa urembo wake. Wakati wa Divali wafanyabiashara hufanya ibada ya kuweka wakfu madaftari mapya. Katika ukurasa wa kwanza huandikwa neno Shri: mara moja katika mstari wa kwanza, mara mbili katika wa pili, na kuendelea hivyo hadi litokee umbo la piramidi. Kandoni huandikwa Shubh na Labh, yaani heri na faida. Huo ni urembo wenye maneno ndani yake.

Herufi za kuigiza si dhambi. Zinapendeza, na jirani asiyejua Kigujarati huweza kuzisoma. Lakini mtoto aliyezaliwa hapa akizichukulia kuwa ndiyo hati ya babu yake, atarithi vazi bila mwili. Inafaa basi jina la hekalu liandikwe mara mbili: kwa Kigujarati halisi, kisicho na mstari, na kwa Kiswahili cha wazi ambacho kila apitaye anakielewa. Na katika madarasa ya watoto, somo la kwanza na liwe kuandika Shri kwa mkono. Piramidi hiyo ikianza upya katika madaftari yao ya shule, urithi wa wenye maduka utakuwa umepata wasomaji wapya.