Kongregate: Ufalme Uliojengwa Kwenye Kiwanja cha Mwenzio

Wadau, leo tuweke siasa pembeni tuongelee gemu.

Mnaikumbuka Kongregate? Kwa wasioifahamu, ni tovuti ya gemu ndogondogo iliyoanzishwa San Francisco, Marekani, mwaka 2006 na ndugu wawili, Jim na Emily Greer. Hukuhitaji kununua wala kupakua kitu. Unafungua ukurasa, unasubiri kidogo, unacheza.

Tovuti za namna hiyo zilikuwepo nyingi. Kilichoipaisha hii, kwa maoni yangu, ni heshima. Mchezaji alipata beji na pointi, na pembeni ya gemu kulikuwa na chumba cha kupiga soga na wenzake. Mtengenezaji naye, hata kijana aliyejifungia chumbani kwake, aliweka gemu yake bila kubembeleza kampuni yoyote, akalipwa kati ya asilimia 25 na 50 ya mapato ya matangazo. Gemu zikapita laki moja. Mwaka 2010 GameStop, kampuni yenye maduka ya gemu, ikainunua.

Tatizo lilikuwa msingi. Gemu nyingi ziliendeshwa na Flash, mali ya Adobe. Aprili 2010 Steve Jobs wa Apple aliandika waraka wa wazi akieleza kwa nini haitaki Flash kwenye iPhone. Watu wakahamia kwenye simu, pesa nazo zikawafuata. Kongregate yenyewe ikaingia kwenye gemu za simu mwaka 2013. Mwaka 2017 kampuni ya Sweden, MTG, iliinunua kwa dola milioni 55, na mwaka huohuo Adobe ikatangaza kwamba Flash itazikwa mwishoni mwa 2020. Julai 2020 Kongregate ikatangaza kuacha kupokea gemu mpya na kufunga vyumba vingi vya soga.

Wapo wanaosema teknolojia ilipitwa na wakati, basi. Sawa, Flash ilikuwa na matundu mengi ya kiusalama. Lakini kazi za vijana wote wale zilitegemea uamuzi wa kampuni ambayo hawakuwa na sauti ndani yake. Wahenga walishasema, nguo ya kuazima haisitiri matako.

Afadhali Novemba 2020 Internet Archive ilianza kuhifadhi gemu za Flash, zikichezeka kwa programu iitwayo Ruffle. Gemu zinaokolewa. Zile soga za pembeni, nani atazirudisha?

Nanyi mnaochora, mnaorekodi na mnaoandika kwenye majukwaa ya watu: nakala zenu ziko wapi?

Nawakilisha.