Paka anagoma kukatwa kucha? Mkasi uje mwisho

Kochi limechanika pembeni, pazia lina vitobo, na mikono ya mwenye nyumba ina mistari kama ya mtu aliyetoka kuvuna nanasi. Anaamua leo ni leo, anatoa mkasi kwenye droo. Akigeuka, paka keshaingia chini ya kitanda. Wanaofuga paka kwenye fleti wanaijua vizuri hii.

Paka anayezurura nje, kama wale wa vichochoro vya Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar, hupanda kuta, miti na mapaa, na kucha zake hulika kidogo kidogo. Paka wa ghorofa ya nne anayeshinda kwenye vigae na kochi hana pa kuzilisha. Zinaendelea kukua tu. Zikirefuka hunasa kwenye zulia au kwenye neti ya mbu, na akijivuta kwa nguvu ukucha unaweza kung'oka.

Kwa paka mzee mambo ni mazito zaidi. Umri ukienda, kucha huwa nene, na yeye mwenyewe hajinoi kama zamani. Ukucha unaweza kujikunja mpaka ukachoma nyama laini ya unyayo na kuingia ndani. Kinachoonekana kwa nje ni paka anayechechemea, au anayelamba mguu mmoja kutwa nzima. Ikifika hapo si kazi ya nyumbani tena, ni ya daktari wa mifugo.

Ndani ya ukucha kuna nini

Kwa kawaida paka ana kucha 18: tano kwa kila mguu wa mbele, nne kwa kila mguu wa nyuma. Ule wa tano wa mbele umekaa juu kidogo, upande wa ndani, kama dole gumba. Haugusi chini, kwa hiyo hausagiki hata paka atembee vipi. Ndio unaosahaulika zaidi, na mara nyingi ndio wa kwanza kujikunja.

Katikati ya kila ukucha kuna nyama hai yenye mishipa ya damu na neva. Kwenye ukucha mweupe inaonekana kirahisi mbele ya mwanga, rangi yake ni ya waridi. Kinachokatwa ni ile ncha kali iliyopinda tu, na mkasi ukae angalau milimita mbili mbali na hiyo rangi ya waridi. Kwenye ukucha mweusi haionekani kabisa, hivyo hukatwa kidogo sana, kijincha tu. Bora ukucha ubaki mrefu kidogo kuliko kugusa nyama.

Ikiguswa, paka anaumia na damu inatoka. Jeraha lenyewe ni dogo na linapona. Tatizo ni kwamba paka ana kumbukumbu, na kukata ukucha mwingine baada ya hapo ni vita. Paka wengi wanaoitwa wakorofi waliwahi kuumizwa hivyo, au hawakuwahi kushikwa miguu tangu wakiwa wadogo.

Kuzoesha kwanza

Kosa linalofanywa na wengi ni kuanza na mkasi. Paka anakamatwa, anabanwa, anakatwa, basi. Mara ya kwanza inaweza kufanikiwa kwa sababu hajui kinachokuja. Mara ya pili anajua.

Njia inayofanya kazi ni ya polepole, na huchukua siku kadhaa, pengine wiki mbili au tatu. Siku za mwanzo hakuna kukata. Paka akiwa amelala au ameshiba, mwenye nyumba anamgusa mguu kwa sekunde moja, anauachia, anampa dagaa mmoja. Tena na tena, kwa siku kadhaa. Asipouvuta mguu, unashikwa kwa sekunde mbili, kisha tatu. Halafu unabonyezwa taratibu kwa juu na chini ya kidole ili ukucha utokeze, kwa sababu kucha za mbele za paka hukaa zimejificha. Dagaa tena.

Mkasi nao unahitaji utambulisho. Unawekwa sakafuni paka aunuse, na siku nyingine unatumika kukata vipande vya tambi mbichi karibu naye ili azoee ule mlio. Inachekesha, lakini inasaidia. Paka wengine wanaogopa sauti kuliko mkasi wenyewe.

Siku ya kukata kweli, ukatwe ukucha mmoja. Mmoja tu. Dagaa, halafu paka aende zake hata kama ametulia na anaonekana yuko tayari kwa wa pili. Hakuna sheria inayosema kucha zote 18 ziishe kwa siku moja. Anayekata moja au mbili kila jioni, wakati paka anasinzia, atazimaliza ndani ya wiki mbili bila kelele, kisha anaanza upya. Kwa wanaokata zote kwa mkupuo, paka wengi wa ndani huhitaji kukatwa kila baada ya wiki mbili hadi nne. Za nyuma hazina haraka sana, mara nyingi huwa butu kuliko za mbele.

Dalili za kuacha ziko wazi: mkia unapigapiga, masikio yanalala nyuma, mboni za macho zinatanuka, ngozi ya mgongo inatetemeka, mngurumo unaanza. Hapo paka aachiwe. Kung'ang'ania ukucha mmoja uliobaki ndiko kunakoharibu kazi ya wiki nzima.

Taulo, si khanga

Kwa paka mgumu zaidi, watu wawili ni bora kuliko mmoja: mmoja anamshika na kumlisha kitu kitamu, mwingine anakata. Wengine humfunga kwa taulo kama shawarma, wakatoa mguu mmoja mmoja nje. Taulo zito linafaa. Khanga ni nyepesi, makucha yanapita. Asibanwe shingo wala kifua, na kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa asikae humo zaidi ya dakika chache. Akianza kuhema mdomo wazi, afunguliwe mara moja.

Kumning'iniza kwa ngozi ya shingo, ule mtindo wa paka anavyobeba watoto, hakufai kwa paka mkubwa. Anaogopa zaidi, na anaweza kuumia.

Kuhusu chombo, mkasi mdogo wa kucha za paka ndio mzuri, na huuzwa kwenye baadhi ya maduka ya dawa na vifaa vya wanyama. Kikata kucha cha binadamu kinaweza kutumika kwa paka mdogo mwenye kucha nyembamba, ila kigeuzwe ili makali yakate kutoka juu kwenda chini. Kikikata kwa ubavu, ukucha unabanwa na kupasuka. Kikiwa butu, kisitumike.

Damu ikitoka

Kwanza, utulivu. Ncha ya ukucha ibonyezwe kwenye konflawa, au unga wa ngano kama konflawa haipo, kisha ishikwe kwa kitambaa safi kwa dakika chache bila kufunuafunua. Paka asiruhusiwe kukimbiakimbia hadi damu ikauke. Ikiendelea kutoka baada ya dakika kumi na tano hivi, apelekwe kwa daktari wa mifugo.

Hapa kuna jambo la hatari ambalo si kila mtu analijua. Paka akiumia, au ili tu atulie wakati wa kukatwa, yupo anayefikiria kumpa kidonge cha binadamu. Paracetamol ni sumu kwa paka. Mwili wake hauwezi kuivunja kama wa binadamu, na kidonge kimoja kinaweza kumuua. Kwa paka mwenye hofu kubwa, daktari wa mifugo anaweza kutoa dawa ya kumtuliza inayomfaa, kwa kipimo cha uzito wake. Kubahatisha nyumbani hapana.

Binadamu naye akikwaruzwa, asipuuze. Mkwaruzo wa paka unaweza kuambukiza bakteria aitwaye Bartonella henselae, anayesababisha homa na kuvimba mitoki, na huwa mkali zaidi kwa mtu mwenye kinga dhaifu ya mwili. Halafu kuna kichaa cha mbwa. Jina lenyewe linapotosha, maana paka naye huupata na kuuambukiza. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Kama paka hajachanjwa, huwa anatoka nje au anatoka-toka kwa majirani, aliyekwaruzwa au kung'atwa aende hospitali siku hiyo hiyo.

Nguzo ya katani isaidie

Kukwaruza si ukorofi. Paka hukwaruza ili kunyoosha misuli, kuacha alama na harufu yake, na kuvua gamba la nje la ukucha lililochakaa. Ndiyo maana wakati mwingine vigamba vyenye umbo la ukucha huonekana sakafuni na mwenye nyumba akashtuka akidhani ukucha umeng'oka. Lakini kukwaruza hakuufupishi. Gamba likivuka, ncha ya ndani ni kali vilevile.

Kwa hiyo kochi linahitaji mbadala, na mbadala wenyewe ni rahisi: gogo au mbao nene iliyosimama imara, iliyozungushiwa kamba ya katani, lile zao lililoletwa Tanga mwaka 1893. Iwe ndefu kiasi cha paka kujinyoosha mwili mzima, na iwekwe karibu na pale anapopenda kukwaruza. Ikifichwa kule stoo, ataendelea na kochi.

Wapo wanaouliza kama kucha haziwezi kuondolewa moja kwa moja. Upasuaji huo hauishii kwenye kucha, unakata mfupa wa mwisho wa kila kidole. Umepigwa marufuku Uingereza na nchi nyingine, na jimbo la New York nchini Marekani liliufuta mwaka 2019. Paka anaweza kubaki na maumivu ya miguu, na wengine huanza kukataa kutumia boksi la mchanga kwa sababu kukanyaga kunauma.

Kwa paka ambaye hashikiki kabisa hata baada ya wiki za kuzoeshwa, zahanati za mifugo hukata kucha, kazi ya dakika chache. Na kama paka aliyekuwa mpole ameanza ghafla kugoma mguu wake kuguswa, aangaliwe kabla ya kulaumiwa. Huenda ukucha umeingia kwenye unyayo, au viungo vinamuuma.