Mizani: Historia ya Neno na Chombo Chake

Neno mizani limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, ambako mzizi wa w-z-n unahusu kupima uzito. Mzizi huohuo umezaa pia neno uzani. Katika Kurani, mizani ni chombo cha sokoni na vilevile alama ya uadilifu: sura ya 55, Ar-Rahman, inakataza kupunguza mizani, na sura ya 83 inawaonya wanaopunja vipimo. Tangu huko, uzito na haki vimekaa ndani ya neno moja.

Chombo chenyewe ni cha kale zaidi. Wamisri waliamini kwamba baada ya kifo moyo wa mtu hupimwa dhidi ya unyoya wa Maat, mungu wa kweli. Warumi walikiita bilanx, yaani sahani mbili, na hapo ndipo lilipotoka neno balance la Kifaransa na Kiingereza. Mwaka 1121 al-Khazini wa Merv aliandika kitabu kizima kuhusu mizani. Mwaka 1669 Mfaransa Roberval alibuni mizani ambayo sahani zake hukaa juu ya mkono badala ya kuning'inia. Mizani za mawe za madukani zimetokana na ubunifu huo.

Katika pwani ya Afrika Mashariki, pembe za ndovu na karafuu zilipimwa kwa frasila, takribani kilo 16. Nafaka haikuhitaji mizani, kwani ilipimwa kwa kibaba na pishi, ambavyo ni vipimo vya ujazo.

Ni katika Usukuma, kusini mwa Ziwa Victoria nchini Tanzania, ndipo mizani ilipogeuka kuwa suala la siasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba walilalamika kwamba wanunuzi walikuwa wakiwapunja. Hawakuishia kulalamika. Waliweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia pamba, wahakikishe kila mzigo umepimwa sawasawa. Kutokana na juhudi hizo, chini ya uongozi wa Paul Bomani, kulizaliwa vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, mojawapo ya vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Ushindi huo wa wakulima unastahili kukumbukwa zaidi kuliko unavyokumbukwa sasa.

Washairi nao wana mizani yao, ambayo ni idadi ya silabi katika mshororo. Utenzi huwa na mizani 8, na shairi la kawaida 16, yaani 8 kwa kila kipande. Kaluta Amri Abedi alizifafanua kanuni hizo katika kitabu chake cha mwaka 1954. Wahasibu wana mizania, na madereva wa malori wanaijua mizani ya barabarani, ambako sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari pamoja na mzigo wake.

Mkulima wa viazi au vitunguu, hata hivyo, bado huuza kwa lumbesa, gunia lililojazwa kupita mdomo wake na kushonewa kilemba, huku akilipwa bei ya gunia moja. Lumbesa haina nafasi katika biashara ya haki. Mazao yauzwe kwa kilo, na mkulima aisome mizani mwenyewe kabla ya kupokea fedha.