Kable sita ku nyuma ya ampli: historia ya woga



Mjomba aliniachia ampli ya sinema ya nyumbani, bafle zake sita, na lekteri mbili: moja ya SACD, ingine ya DVD-Audio. Nikafunga ya SACD kwa kable moja ya optiki, nikatia diske. Kimya kabisa. Fundi mmoja akaniambia ile lekteri imekufa, yeye atainunua kwa bei ya chuma. Karibu nikubali. Kumbe ilikuwa nzima, inatii tu katazo la mwaka 1999.

Turudi nyuma kidogo. CD ilianza kuuzwa mwaka 1982 bila kufuli yoyote, juu wakati ule hakuna mtu aliyekuwa na mashine ya kunakili diske ku nyumba. Miaka ya 1990 kompyuta zikaanza kunakili. Mwaka 1999 Napster ikatokea, watu wakatumiana nyimbo bure. Mwaka ule ule kufuli ya DVD ikavunjwa kwa programu ya DeCSS. Kijana wa Norway, Jon Lech Johansen, akapelekwa mahakamani kwa ajili yake. Mwaka 2003 mahakama ikamwachilia.

Njo katika woga ule SACD ya Sony na Philips ilitoka mwaka 1999, na DVD-Audio mwaka 2000. Zote mbili zinabeba muziki safi sana kwa bafle sita. Lakini wenye muziki walikataa sauti ile itoke kidijitali bila kufuli. Kable ya optiki haina kufuli, tena ni nyembamba: sauti sita haziingii bila kubanwa. Basi lekteri ikabidi igeuze muziki kuwa analogi, iutoe kwa kable sita: mbele kushoto na kulia, katikati, nyuma mbili, na ya besi. Diske mpya kabisa, ikipita katika kable za RCA za wakati wa mababu.

Shida ingine: ampli nyingi za wakati ule ziko na mlango mmoja tu wa kable sita. Aliyenunua lekteri mbili alipiga magoti nyuma ya kabati, anachomoa na kuchomeka. Wengine walinunua kisanduku cha kubadilishia. Kisha makampuni yakatengeneza lekteri moja inayosoma diske zote mbili. HDMI, yenye kufuli ndani yake, ilipokea DVD-Audio mwaka 2004 (toleo la 1.1) na SACD mwaka 2005 (1.2). Ilichelewa, watu mingi walikuwa wamehamia MP3.

Mimi nimefanya hivi: SACD imepewa mlango wa kable sita. DVD-Audio iko ku mlango wa kawaida wa CD, kable mbili, bafle mbili tu. Nguvu ya besi na umbali wa bafle nilipanga ndani ya lekteri yenyewe, juu kwa ampli mingi mlango ule unaruka mipango ya ampli.

Kinachoniuma ni hiki: wanakili walipata muziki kwa njia zingine. Aliyesumbuliwa ni mjomba, aliyelipa kila diske.

Sasa nauliza: nani kati yetu iko na kisanduku cha kubadilishia kable sita? Magoti yangu yamechoka.